Hatutaki Ng'ombe, Tunataka Ratiba

Mimi ni Mgogo na nakataa ng'ombe. Najua maneno haya yakimfikia bibi yangu ataomba nipelekwe hospitali, lakini nimekaa nayo zaidi ya mwaka na bado sijayafuta, kwa hiyo nayaandika.

Nazungumzia ng'ombe wa aina moja tu. Yule anayefungwa kwenye mti pembeni ya uwanja siku ya fainali, utepe mwekundu shingoni, watoto wamemzunguka, na mtangazaji mwenye spika mbili anamtaja mara nyingi kuliko anavyowataja wachezaji. Kama umekulia mikoani unamjua. Kwingine ni mbuzi, kwingine ni seti ya jezi zenye sura ya mtu kifuani. Kwetu Mkonze, ambako wazee walihesabu mali kwa mikia kabla ya kuhesabu kwa viwanja, ni ng'ombe. Anayemleta anajua anachofanya.

Kwa asiyeijua, Mkonze ni kata ya Jiji la Dodoma. Nilipokuwa mdogo tulisema "tunakwenda Dodoma" tukipanda gari kwenda mjini, kana kwamba sisi tulikuwa mkoa mwingine. Makao makuu yaliamuliwa kuja huku mwaka 1973, na kwa miaka zaidi ya arobaini uamuzi ule ulikuwa habari ya redioni. Halafu mwaka 2016 serikali ikaanza kuhama kwelikweli, Aprili 26, 2018 tukatangaziwa kuwa ni jiji, na ardhi ambayo babu zetu walilimia mtama na uwele ikaanza kuitwa "eneo zuri, lipo karibu na lami." Uwanja wetu wa mpira ulipata bikoni mbili. Moja iko nje ya mstari, haina shida. Nyingine iko ndani ya kumi na nane, upande wa magharibi, na hakuna mtu aliyewahi kutueleza ni ya kiwanja cha nani. Tumeifunga soksi kuukuu ili kipa asipasue goti. Timu ngeni zikija, nahodha wetu huwaonyesha kabla ya mechi kuanza, kama mwenyeji anayeonyesha choo kilipo.

Mimi ni katibu wa timu ya hapo. Jina la timu haliwasaidii kitu. Katibu wa timu ya daraja la nne ni mtu anayetembea na bahasha: picha ndogo za wachezaji, nakala za vitambulisho, fomu za usajili, katiba ya timu iliyopigwa muhuri, risiti. Nina shahada, na kazi yangu ya mchana haihusiani na mpira, lakini sijawahi kubeba nyaraka ninazoziogopa kupoteza kama zile.

Naomba univumilie aya moja ya mambo ya ngazi, maana wengi tunaoujadili mpira usiku kucha tunaanzia juu, kwa Simba na Yanga, na hatujui ngazi imesimama wapi. Ligi ya wilaya ndiyo sisi. Ukifanya vizuri unapanda ligi ya mkoa. Bingwa wa mkoa anakwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Kutoka hapo kuna First League, kisha Championship, kisha Ligi Kuu. Hesabu mwenyewe: kupanda mara tano tu. Kwa karatasi, timu yenye bikoni ndani ya kumi na nane inaweza kufika Ligi Kuu bila kumjua mtu yeyote, kwa kushinda tu. Niambie ni wapi pengine nchini kijana wa Mkonze ameahidiwa jambo hilo kwa maandishi. Ajira? Mikopo? Na siyo ndoto ya mchana: mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe uliozungukwa na migomba na chai, ilipanda ligi ya juu na ikawa bingwa wa Tanzania msimu huohuo.

Hicho ndicho ligi inacho na kombe la ng'ombe halina. Ukichukua kombe la ng'ombe hupandi popote. Mwaka unaofuata unaanza palepale, kama atakuwepo wa kuleta mwingine.

Sasa nieleze tulivyochukua letu.

Ulikuwa msimu wa uchaguzi. Ligi ya wilaya ilikuwa imeanza kwa kuchelewa, kama kawaida, na sisi tulikuwa tumecheza mechi mbili: sare moja, ushindi mmoja. Tulikuwa tumelipa ada ya awali kwa mchango wa elfu tatu tatu, wengine wakalipa kwa awamu, na beki wetu wa kulia akalipa kwa kuku, ambaye nilimuuza mimi. Wiki ya tatu ukaja ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la viongozi wa timu: ligi inasimama kupisha mashindano, hadi itakapotangazwa tena. Hakukuwa na barua. Hakukuwa na tarehe. Mashindano yenyewe yalikuwa ya mfadhili mmoja ambaye cheo chake sikitaji, na wewe unayejidai umeshamjua, umekosea, siye huyo.

Niseme ukweli, hatukulalamika. Tulifurahi. Kombe lilikuwa na jezi za bure, mipira mipya mitatu, maji ya chupa wakati wa mapumziko, na mshindi ng'ombe. Ligi ilikuwa na nini? Mwamuzi tunayemlipa sisi wenyewe. Uwanja ulijaa watu hadi juu ya miti. Timu nyingine zilileta mamluki kutoka mjini, vijana waliolipwa elfu ishirini kwa mechi na ambao hawakujua jina la mtaa waliokuwa wanauchezea. Sisi hatukuwa na hela ya mamluki, kwa hiyo tulicheza na watu wetu, tukashinda nusu fainali kwa penalti na fainali moja bila. Goli lilitokana na mpira uliogonga kitu fulani ndani ya kumi na nane na kubadili njia. Sitasema ni kitu gani.

Usiku ule tukakaa kikao, watu ishirini na wawili, ng'ombe amefungwa nje. Ajenda ilikuwa moja: tumuuze au tumle? Mnunuzi wa mnadani alikuwa tayari kutoa laki tisa. Nilikuwa na hesabu kwenye bahasha: ada iliyobaki, waamuzi, na nauli za mechi zote za ugenini zisingefika laki tano. Tungemaliza msimu na chenji ingebaki.

Mweka hazina wetu ni mzee tunayemwita Babu, amechunga tangu utoto na hajawahi kucheza mpira. Kabla ya kura alisema jambo ambalo wakati ule tulilicheka. Alisema: "Wanangu, huyu ni dume. Angekuwa mtamba, tusingekuwa na haja ya kikao."

Kura ikapigwa. Kumi na nne kula, wanane kuuza. Mimi nilikuwa kati ya wale kumi na nne.

Naweza kujitetea. Vijana walikuwa wamecheza mechi sita, wengine wanashinda na chai ya rangi na kiporo, halafu uwaambie nyama ile ni ada ya chama? Mama zao walikuwa nje tayari na masufuria. Kumkatalia mtu nyama aliyoipigania ni jambo gumu, na katibu msomi mwenye mshahara ndiye wa mwisho mwenye haki ya kulifanya. Kwa hiyo nilinyoosha mkono. Tulikula hadi alfajiri, na ilikuwa moja ya siku nzuri katika maisha yangu. Sitaki mtu aniambie vinginevyo.

Wiki tano baadaye ligi ikatangazwa tena, kwa njia ileile ya ujumbe, na siku nne za kulipa kilichobaki. Hatukuwa na kitu. Winga wetu wa kushoto alikuwa ameondoka na waliomwona kwenye kombe, kiungo amepata kibarua cha ujenzi, na wachangaji wa elfu tatu walikuwa wanauliza, kwa haki kabisa, kwani mlishinda ng'ombe mkapeleka wapi? Tulikwenda mechi ya kwanza na watu tisa. Ya pili hatukwenda. Wapinzani wakapewa pointi za mezani, mara ya pili, mara ya tatu, kisha ikaja barua ya mistari minne ikituondoa kwenye ligi. Angalau hiyo ilikuwa barua.

Tangu hapo nimeyafikiria maneno ya Babu. Katika makombe yote niliyoyaona, nikiwa mtoto juu ya mti na nikiwa mkubwa pembeni ya mstari, sijawahi kuona aliyeleta mtamba. Ni dume kila mara, tena mara nyingi maksai. Mgogo yeyote anaelewa tofauti. Mtamba ukipewa unatafuta zizi, unapanga zamu za kuchunga, unasubiri, mnagombana kuhusu ndama, mnakuwa watu wenye kitu cha pamoja. Dume la sherehe linaliwa usiku huohuo, na asubuhi mnabaki mkisubiri mtoaji arudi. Sidhani kama wafadhili wanakaa chini kupanga hivyo. Sidhani kama wanahitaji kupanga.

Nasikia pingamizi, na baadhi ni ya haki. Rafiki yangu mmoja, anayefundisha sekondari na anajua mpira kuliko mimi, ananiambia naonea ndondo. Anasema ndondo ndiyo mpira wa watu: inajaza viwanja ambavyo ligi haijazi, inawapa vijana hela taslimu, inaonyesha vipaji. Kweli tupu. Winga wetu yule leo anacheza madaraja ya juu kuliko yetu na nafurahi kila nikisikia jina lake. Sina ugomvi na ndondo ya likizo, ya Pasaka, ya Idi, ya mwisho wa mwaka. Ugomvi wangu ni na kombe linalosimamisha ligi. Ligi ikisimama kupisha kombe, mmetuambia kilicho cha kudumu kinaweza kungoja na cha kupita hakiwezi. Kijana wa miaka kumi na tisa anaelewa ujumbe huo haraka sana. Halafu mnamwita hana malengo.

Pingamizi la pili ni la wakubwa: mpira ni biashara sasa, mambo ya kuchanga kuku yamepitwa na wakati, tafuteni mwekezaji. Hapo nawataka tuzungumze habari za Ubaruku.

Ubaruku iko Mbarali, mkoani Mbeya, kwenye nchi ya mpunga. Timu ya pale iliitwa Ihefu, jina la bonde la maji ambalo kila mtu wa Usangu analijua. Novemba 29, 2022, Ihefu waliwafunga Yanga mabao 2-1 palepale Ubaruku, kwenye uwanja wa Highland Estates, na kukata mlolongo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga hawakuwa wamepoteza. Nchi nzima ilijifunza jina la mji ule siku moja. Kufikia 2024 timu hiyo ilikuwa imehamia Singida na kubadili jina kuwa Singida Black Stars. Sheria ilifuatwa, sijasema hapana. Singida nao wana haki ya kupenda mpira, ni majirani zetu, tunakula mlenda uleule. Lakini mtoto aliyekuwepo uwanjani Ubaruku siku ile, leo akitaka kuiona timu iliyowafunga Yanga anapanda basi kwenda mkoa mwingine na kuishangilia kwa jina asilolijua. Kitayosce wa Kilimanjaro waliishia kuwa Tabora United kwa njia hiyohiyo. Nafasi ya kwenye ligi, ile ambayo sisi tunaambiwa tuitafute kwa jasho hatua tano, ina mlango wa pembeni wenye bei. Mwenye fedha haanzii kwenye bikoni.

Na sisi wa Dodoma tusijione tumepona. Wazee wa mpira hapa ukiwauliza timu za zamani watakutajia Waziri Mkuu na CDA. Sikiliza majina hayo. Moja ni ofisi na nyingine ni mamlaka, ile ya kustawisha makao makuu, iliyovunjwa mwaka 2017. Leo tuna Dodoma Jiji, timu ya halmashauri, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2020. Naipenda, nakwenda Jamhuri kuitazama, nimepiga kelele hadi sauti ikakauka. Lakini angalia tulivyozoea: timu kubwa ya mji huu siku zote imekuwa na baba mwenye ofisi, na sisi tumekuwa watazamaji wake. Hakuna mwanachama. Siku ofisi ikibadili bajeti, hakuna mtu wa Mkonze wala wa Kikuyu atakayeitwa kwenye kikao.

Timu yetu ya kata, pamoja na umaskini wake, ina wanachama. Ina katiba yenye muhuri, kwa sababu utaratibu wa usajili ulio chini ya Baraza la Michezo la Taifa unataka hivyo; sheria yenyewe ni ya mwaka 1967, na kwa mara moja katika maisha nitaisifu sheria inayotaka makaratasi. Ndani ya karatasi hizo imeandikwa kwamba mkutano mkuu ndio wenye timu. Kikao kile cha ng'ombe, kwa upumbavu wake wote, kilikuwa watu ishirini na wawili wakipiga kura juu ya mali yao. Mamluki wa timu nyingine hawakuwa na kikao. Walilipwa wakapanda bodaboda.

Kuhusu fedha nitasema kidogo, maana nikianza sitamaliza. Mei 2021 TFF na Azam Media walitia saini mkataba wa matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Tangu 2023 Rais amekuwa akitoa Sh5 milioni, baadaye zaidi, kwa kila goli la timu zetu kwenye mashindano ya Afrika. Tunaliita Goli la Mama. Sioni wivu, magoli yale tuliyashangilia wote. Ila goli moja la Mama, kwa hesabu za bahasha yangu, lingelipa ada, waamuzi na nauli za timu yetu kwa misimu kumi. Timu inayotafuta nafasi ya kupanda ndiyo inayomlipa mwamuzi wake mfukoni, na timu iliyofika juu ndiyo inayolipwa kwa kufunga. Mtu aliyepanga ngazi hivi hajawahi kusimama chini yake.

Ninachodai ni kidogo hadi naona aibu. Ratiba itoke kabla ya msimu, kwa maandishi, na tarehe zake ziheshimiwe na kila mtu, hata mwenye ng'ombe. Mfadhili anayetaka kusaidia vijana alipe waamuzi wa ligi nzima. Jina lake tutalitangaza kwenye spika kila Jumamosi, miezi sita badala ya siku moja, na akigombea pengine tutampa kura. Bikoni ile mwenyewe ajitokeze, ama uwanja upimwe kuwa uwanja, uandikwe, uishe. Na timu isiondoke wilaya iliyoizaa kabla wanachama wake hawajapigiwa kengele ya mkutano.

Tumerudi kwenye ligi, kwa mchango, kuanzia mkiani. Mwezi Februari mwaka huu akaja kijana mmoja mwenye gari safi, ametumwa, akatukuta mazoezini. Alikuwa na heshima. Aliwaamkia wazee kwa Kigogo, "mbukwenyi," akatuambia bosi wake anaandaa kombe mwezi wa nne, ng'ombe wawili safari hii. Nikamwambia mwezi wa nne ni ligi. Akasema hilo atazungumza na wanaohusika, ligi itasimama kidogo. Nikamwambia basi sisi hatushiriki. Vijana wakanitazama, na wawili au watatu sikupenda walivyonitazama.

Yule kijana akacheka, akamgeukia Babu, aliyekuwa amekaa juu ya tairi akishona mpira. "Babu, tangu lini Mgogo akakataa ng'ombe?"

Babu hakuinua kichwa. "Madume au mitamba?"

Kijana alifikiri ni utani. Babu akamwuliza tena, polepole, kama mtu wa mnadani. Akasema hajui, atamwuliza bosi, atatupigia. Tulimwandikia namba ya timu kwenye karatasi, na mimi nikaandika ya kwake kwenye bahasha.

Mpaka leo hajapiga. Ratiba ya ligi nayo haijatoka.